Klaunifishi jike amebaki peke yake: nimpe mwenzake wa ukubwa gani?

Chumvi_Ntinda:
Wakubwa, habari za humu. Nina tangi la maji chumvi la lita 120 hapa Kampala, na ndani yake kuna klaunifishi mmoja tu, aina ya ocellaris mwenye mistari mitatu, jike wa sentimita 8 hivi. Dume wake amekufa. Jirani anayehama nchi anauza wa kwake wa sentimita 7 aliyekaa peke yake zaidi ya mwaka, naye anaapa kwamba ni dume. Mtu mwingine yuko tayari kunitumia wadogo kwa basi kutoka Mombasa. Nichukue yupi, na nimwingize vipi wasiuane? Joto 26, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi), amonia na naitraiti, zile sumu za uchafu wa samaki, sifuri.

MzeeMatumbawe:
Ndugu, huyo wa jirani mwache, hata akikupa bure.

Klaunifishi huanguliwa wakiwa hawajawa majike wala madume. Kwenye kundi, anayetawala huwa jike, anayemfuata huwa dume, waliobaki hudumaa wakisubiri nafasi. Jike akifa, dume hugeuka jike, lakini jike hageuki tena kuwa dume. Sasa samaki mkubwa aliyekaa mwaka mzima bila wa kumtawala, mhesabu amekwisha kugeuka au yuko njiani. Ukimtia humo utakuwa na majike wawili kwenye lita 120. Watashikana midomo na kuvutana, na mmoja atakufa, pengine usiku huohuo.

Muuzaji anaweza kuapa atakavyo, jinsia ya klaunifishi haionekani kwa macho. Muulize aliishi na nani na kati yao mkubwa alikuwa nani. Aliyekuwa mdogo wa jozi na ametengwa juzi tu bado ni dume. Samaki mkubwa mwingine yeyote ni bahati nasibu.

Tafuta wa sentimita 3 au 4, wa aina hiyohiyo, anayetoka kwenye kundi la wadogo wenzake. Chini ya sentimita 2.5 usichukue, maana jike wa 8 akimgonga mara moja tu anaweza kummaliza. Usichague aliye mkubwa kuliko wote anayefukuza wenzake kona hadi kona, huyo ameshaanza safari ya ujike. Chukua wa katikati, mapezi mazima, macho angavu, tumbo lisilobonyea, na umwambie muuzaji atupe chakula ukiona. Asiyekula dukani usitegemee ataanza kwako, mahali penye jike mkali.

Nanga_Entebbe:
Hapo kwa Mombasa kuwa mwangalifu, ssebo. Ocellaris hayupo mwituni kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Kwao ni Asia ya kusini-mashariki na kaskazini mwa Australia. Wanaovuliwa Kenya ni wengine: allardi, kahawia iliyokolea, mistari miwili, mkia mweupe, na akallopisos, rangi ya machungwa hafifu na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni. Wachuuzi huwaita wote klauni. Allardi hufika sentimita 14 na ni mkorofi, si mwenza wa jike wako. Omba picha ya ubavu, uhesabu mistari, na uulize kama amefugwa au amevuliwa. Kuhusu kibali cha kuingiza samaki hai, ulizia idara ya uvuvi hapa Entebbe kabla ya kutuma pesa.

Kuna jambo la mfuko linaloua samaki wengi, na watu husingizia safari. Ndani ya mfuko uliofungwa, kaboni dayoksaidi ya pumzi hushusha pH (maji yanakuwa na asidi zaidi), na pH ikiwa chini amonia haina ukali mwingi. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu dakika hiyohiyo. Kwa hiyo ile desturi ya kudondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima haimfai samaki aliyetoka Mombasa kwa basi. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, ufungue, upime chumvi kwa refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), kisha umtoe haraka umtie kwenye karantini, yaani chombo cha kumtenga mgeni asilete ugonjwa tangini. Maji ya mfuko mwaga. Muuzaji akikutajia mapema kiwango chake cha chumvi, tengeneza maji ya karantini yalingane nacho, halafu uyapandishe taratibu kwa siku kadhaa.

Karantini ni ndoo au beseni la lita 40, filta ya sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa, hita ya wati 50, na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Wiki 4 hadi 6. Unachokiogopa zaidi ni kimelea kiitwacho Brooklynella: ute mweupe mzito unaochubuka mwilini, pumzi za haraka, kukataa chakula, na kifo ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya shaba haiigusi. Inayofanya kazi ni fomalini ya asilimia 37, mililita 1.5 kwa lita 10 za maji chumvi kwenye ndoo ya pembeni, dakika 30 hadi 45, kisha arudi kwenye maji masafi. Fomalini hula oksijeni, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yana oksijeni pungufu tangu mwanzo. Bila pampu ya hewa inayotoa mapovu ndoo nzima usijaribu. Vaa glavu, fungua madirisha, na chupa yenye mashapo meupe itupe.

Chumvi_Ntinda:
Asanteni sana. Na siku ya kumwingiza?

MzeeMatumbawe:
Nunua kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, soko la Owino vimejaa. Kisiwe na waya wala chuma. Usimfungie mgeni, mfungie jike. Hamisha mawe mawili matatu, hasa pale anapolala, zima taa, mtoe mgeni azunguke huru siku 3 hadi 5 ajue mashimo yote. Halafu mwachie jike jioni, ukiwa umekwisha kuwalisha wote wawili, na siku ambayo uko nyumbani.

Atamfukuza na kumdonoa, ni kawaida. Unachosubiri ni mdogo kulala ubavu mbele yake na kutetemeka mwili mzima, kama aliyeshikwa na umeme. Hapo amekubali cheo chake na jike hupunguza hasira. Wengine hukubaliana siku hiyohiyo, wengine wiki tatu.

Mdogo akikwama kona ya juu kando ya hita, mapezi yamechanika na hali chakula, mrudishe jike kikapuni wiki moja, uanze tena. Lakini ukiona wameshikana midomo, tenganisha papo hapo na usirudie na samaki huyo.

Dada_Kasese:
Je, nikinunua jozi iliyokwisha kuungana?

Nanga_Entebbe:
Nyabo, ni bora, ila wawili kwenye mfuko mmoja hawajawa jozi. Watazame wakiwa tangini robo saa: mmoja awe mkubwa waziwazi, waogelee pamoja, mdogo atetemeke akikaribiwa. Omba uwaone taa zikizimwa, jozi hulala sehemu moja. Wakilingana urefu na kila mmoja ana kona yake, acha. Anemoni, yule mnyama wa baharini ambamo klaunifishi hujificha, usiongezewe bei kwa ajili yake, hawaihitaji, na inadai taa kali kuliko samaki wenyewe. Na wasafirishwe kila mmoja mfuko wake, lakini waingie tangini kwa pamoja.