Tunaongoza kwa mechi za mezani, na bado mnashangilia?

Wakuu, kwanza naomba mods msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za "Kentucky baba lao". Huu unazipinga zote.

Kila msimu wa kikapu cha vyuo Marekani ukikaribia, kuna watu humu hawapati usingizi mpaka wabandike lile jedwali. Chuo cha Kentucky namba moja kwa ushindi wa muda wote, Kansas namba mbili, North Carolina namba tatu, halafu vikatuni vya moto mstari mzima. Mimi ni mtu wa Kentucky, wanaonifahamu humu wanajua. Na jedwali lile linanikera mimi kuliko linavyomkera shabiki yeyote wa Kansas, kwa sababu najua tulivyorudi pale juu. Hatukumfunga mtu. Tulirudishwa na jopo.

Mnaobandika mnapenda namba, basi tupige hesabu.

Msimu wa 2021-22 Kentucky tulimaliza tukiwa na ushindi 2,353 tangu timu ianze. Na mnakumbuka tulivyomaliza. Tulikuwa na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka ule, anadaka ribaundi 15 kwa wastani kila mechi. Raundi ya kwanza ya mashindano ya Machi, yale ya kutafuta bingwa wa vyuo, tukapangiwa Saint Peter's, kachuo ka Jersey City ambako nusu yenu mlikaguglia siku ileile. Oscar akafunga 30, akadaka ribaundi 16, na bado tukalala 85-79 katika dakika za nyongeza. Safari ikaishia hapo.

Kansas wao wakaendelea. Machi 25, Chicago, wakamfunga Providence 66-61. Huo ulikuwa ushindi wao wa 2,354, wakatupita. Wakamfunga Miami, wakamfunga Villanova, halafu fainali wakatanguliwa kwa pointi 16 na North Carolina wakazirudisha zote na kubeba kombe 72-69. Jumla 2,357.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Januari 29 mwaka uleule tuliwachapa 80-62 ndani ya Allen Fieldhouse, nyumbani kwao kabisa. Tukawafunga kwao, wakatupita Machi. Niliumia wiki nzima lakini sikuwa na la kusema, maana walitupita wakiwa wamevaa raba.

Msimu uliofuata wao walishinda 28, sisi 22. Kansas 2,385, Kentucky 2,375. Pengo la mechi kumi.

Ikaja Oktoba 2023. Msimu haujaanza, hakuna mpira uliodunda popote. Jopo huru lililoundwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kusikiliza kesi nzito likatoa hukumu: Kansas wafutiwe ushindi 15 wa msimu wa 2017-18, na nusu fainali yao ya mwaka ule ifutwe pia. Kansas wakashuka mpaka 2,370. Wameamka wanaongoza kwa kumi, wamelala wako nyuma kwa tano. Na humu watu wakaanza kupongezana! Mnapongezana kwa lipi? Nani kafunga? Mwezi mmoja baadaye, Novemba 14, tukakutana nao Chicago wakatupiga 89-84. Hakuna aliyebandika jedwali siku ile, mliingia mitini wote.

Endeleeni na hesabu. Msimu wa 2024-25 ulipofungwa, Kentucky tulikuwa na 2,422, Kansas 2,414. Tunaongoza kwa nane. Warudishie zile 15 wanakuwa na 2,429, yaani wanatuzidi saba. Kwa hiyo taji lote mnalojivunia limesimama juu ya karatasi moja ya mwaka 2023. Itoe hiyo karatasi, hatuna kitu.

Najua mtakachosema. "Walidanganya, wameadhibiwa, shida iko wapi?" Nitafika huko. Kwanza nielezeni hili.

Machi 25, 2018, Omaha, robo fainali, Kansas na Duke. Sekunde za mwisho Grayson Allen wa Duke anarusha, mpira unaigonga ringi, unazunguka, unatoka. Zinaongezwa dakika tano. Malik Newman wa Kansas anafunga pointi zote 13 za timu yake katika dakika zile, anamaliza na 32, Kansas 85, Duke 81. Dunia nzima iliona. Leo ukifungua kitabu cha rekodi, ushindi wa Kansas haupo. Ila kipigo cha Duke kipo palepale! NCAA ikifuta ushindi, mpinzani hapewi. Duke hakushinda mechi ile, Kansas naye hakushinda. Sasa Duke alifungwa na nani? Na upepo?

Kwetu huku mpira wa miguu una vituko vyake, tena vingi, lakini hata pointi za mezani zina mantiki. Ukimchezesha mtu asiye halali unapokwa ushindi na mwenzio anapewa pointi tatu na mabao matatu. Unaweza kulalamika, unaweza kuandamana mpaka makao makuu ya shirikisho, lakini mwisho wa siku msimamo unajumlika. Hawa wenzetu wanapora halafu hawampi mtu. Ushindi unayeyuka tu. Matokeo yake jedwali la ushindi wa muda wote halihesabu tena mechi ambazo timu zilishinda uwanjani, linahesabu mechi ambazo wanasheria wamekubali kuziacha.

Haya, tuje kwenye kosa lenyewe. Mchezaji aliyesababisha yote ni Silvio De Sousa, kijana kutoka Luanda, Angola. Aliingia kikosini katikati ya msimu ule. NCAA ilisema mlezi wake alipokea dola 2,500 na kukubali kupokea nyingine 20,000, katika sakata lile la watu wa adidas kuzilipa kwa siri familia za wachezaji, lililofumuliwa na FBI mwaka 2017. Mlezi. Kijana mwenyewe akafungiwa miaka miwili, baadaye akasafishwa na kuruhusiwa kucheza tena. Lakini mechi alizocheza zikabaki na doa, na miaka mitano na ushee baadaye zikafutwa.

Dola 2,500, wakuu. Kuanzia Julai 1, 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka ule wa kwanza. Hapo hujaweka hela za matangazo ambazo wachezaji wanaruhusiwa kuvuna tangu 2021. Sisemi Kansas walikuwa malaika. Sheria ya wakati ule ilikuwa ile, wakaivunja. Wapigwe faini, kocha Bill Self akae nje, wanyimwe nafasi za udhamini wa wachezaji, sina neno. Lakini mechi imeshachezwa! Aliyefunga kafunga!

Na hapa ndipo ninapowageukia watu wangu wa Kentucky, maana nyie ndio mnanichefua hasa.

Mmesahau 2011? Chuo chetu kilimfanyia John Calipari, kocha wetu wa wakati ule, sherehe ya ushindi wa 500. NCAA ikaja juu, ikasema huyu hajafika 500, kwa sababu ushindi wake kwenye vyuo alivyofundisha kabla, wa UMass wa 1996 na wa Memphis msimu wa 2007-08, ulishafutwa. Chuo kikalazimika kuomba radhi. Mashabiki wa Kentucky tulivyofoka mwaka ule! Tukasema huwezi kufuta kitu ambacho watu walikaa wakakitazama. Tukasema wale wa ofisini wanaona wivu. Leo kafutiwa Kansas, ghafla NCAA imekuwa taasisi ya haki.

Mmesahau 1988? Na sisi tulifutiwa mechi mbili za mashindano ya mwaka ule. Na hizo nazo zirudi, simtetei Kansas peke yake.

Tena hilo dogo. Twende 1949, ambako hakuna shabiki wa Kentucky anayependa kupelekwa. Ule ulikuwa mwaka wa ubingwa wetu wa pili, chini ya kocha Adolph Rupp. Mwaka 1951 ikabainika kwamba nyota wetu watatu, Alex Groza, Ralph Beard na Dale Barnstable, walichukua hela za wacheza kamari ili wapunguze makusudi pointi za timu yao. Walikiri wenyewe. Hapo hatuzungumzii mlezi kupewa bahasha, tunazungumzia wachezaji kuuchezea mchezo wenyewe wakiwa uwanjani. Tukaadhibiwa, ndiyo, msimu wa 1952-53 hatukucheza kabisa. Lakini ubingwa wa 1949? Upo. Bendera yake inaning'inia Rupp Arena, uwanja wetu, kama kawaida, na ushindi wa mwaka ule umo ndani ya zile 2,422 mnazobandika. Niambieni ni mizani gani inayopima mlezi wa De Sousa ni mzito kuliko wale watatu.

(Kwa wasiojua: Rupp mwenyewe ni mzaliwa wa Halstead, Kansas, na alicheza Lawrence, kilipo chuo cha Kansas, chini ya kocha Phog Allen, enzi ambazo James Naismith, aliyeubuni mchezo huu, bado alikuwa chuoni pale. Dean Smith aliyeijenga North Carolina naye ni mtoto wa Kansas, alikuwa kwenye kikosi chao cha ubingwa wa 1952. Yaani wote watatu wa juu kwenye jedwali wametokea jiko moja. Na Naismith ndiye kocha pekee wa Kansas mwenye rekodi ya kufungwa zaidi ya kushinda, 55 kwa 60. Mvumbuzi mwenyewe hakulisaidia jedwali. Huwa nacheka kila nikikumbuka.)

Halafu kama mnataka kulitakasa jedwali, litakaseni lote. Rupp alimaliza na ushindi 876, alistaafu 1972, na mchezaji mweusi wa kwanza kumchezea alikuwa Tom Payne, msimu wa 1970-71. Miongo minne timu inashinda katika ligi ya kusini iliyowafungia nje vijana weusi karibu muda wote huo. 1966 tukafika fainali tukakutana na Texas Western walioanza na weusi watano, tukachapwa 72-65. Ushindi wa enzi zile mnaupa uzito gani? Sisemi ufutwe. Nasema anayedai jedwali lile linapima usafi aanzie huko, asianzie Angola.

Na mechi za kununua je? Kila Novemba vigogo wanaalika vyuo vidogo, wanavilipa vije kupigwa, ushindi unaingia kwenye hesabu sawasawa na wa fainali. Kansas wanafanya, sisi tunafanya, wote wanafanya. Raha ni pale mnunuzi anapouziwa mbuzi kwenye gunia: Novemba 2019 tukiwa namba moja kwa ubora nchini, tuliwalipa Evansville dola 90,000 waje Rupp Arena, wakatufunga 67-64, tena kocha wao ni Walter McCarty, bingwa wetu wa 1996. Wakaondoka na hela na ushindi. Hiyo nayo ni historia na nataka ibaki kitabuni hivyohivyo, aibu yote.

Ninachotaka ni kitabu kiseme kilichotokea. Weka alama ya nyota pembeni, weka maelezo chini kwa maandishi mekundu ukitaka, andika "mchezaji asiye halali". Ila usiniambie mechi ya Omaha haikuwa na mshindi.

Mpaka NCAA wabadilike, jedwali langu nahesabu mwenyewe na Kansas wako juu. Wanatuzidi kwa saba mpaka msimu ule ulipofungwa. Dawa yake ni kocha wetu Mark Pope na vijana wake kushinda, si sisi huku kupongezana kwa hukumu. Makombe manane tunayo, wao wana manne, kama mna hamu ya kutamba tambeni na hilo, ingawa la mwisho ni la 2012 na hilo nalo ni uzi wake.

Nyongeza: naona mdau mmoja hapo chini ameuliza "kwa hiyo na Louisville warudishiwe ubingwa wa 2013?" Unajua ninavyowachukia Louisville, mahasimu wetu wa jimbo moja. Walifutiwa ushindi 123, pamoja na ule wa fainali, kwa uchafu ambao siwezi kuuandika humu watoto wakasoma. Jibu langu ni ndiyo. Walimfunga Michigan 82-76, niliona. Waliofanya ule uchafu wafukuzwe, kombe waandikiwe, na mimi nitaendelea kuwachukia bila kusaidiwa na kamati.

Na wewe uliyeandika "mkuu umehama timu lini", njoo na hoja.