Mlioishi Japani, tupeane uzoefu wa mizimu ya kule

Wakuu, naanza mimi. Mwaka wangu wa kwanza natafuta chumba, dalali akanionyesha kimoja, kodi karibu nusu ya vyumba jirani. Nikachekelea. Kumbe ana karatasi ya kunisomea: mzee aliyekuwemo alifia humo peke yake, akagunduliwa baada ya wiki kadhaa. Vyumba hivyo wanaviita "jiko bukken", yaani nyumba yenye tukio, na mpangaji huambiwa kabla ya kusaini. Nilishuka ngazi viatu sijavaa sawasawa. Rafiki yangu akakichukua, akalala humo miaka miwili kama mtoto. Nyie je?

MwalimuMsaidizi: Mimi ni choo cha shule. Ghorofa ya tatu, mlango wa tatu, wasichana hawaugusi. Ni kwa Hanako, mzimu wa msichana. Unagonga mara tatu, unauliza, "Hanako-san, upo?" Akiitika "nipo", imekula kwako. Siku moja watoto wakanisukuma nigonge mimi mgeni. Nikagonga. Kimya. Mara maji yakajimwaga yenyewe chooni! Mkuu, nilikimbia kuliko wanafunzi. Baadaye ndo nakumbuka vyoo vyao vina sensa.

Mkwe wa Gifu: Mama mkwe wangu alikuwa shule ya msingi 1979, mwaka wa Kuchisake-onna. Mwanamke kavaa barakoa anakuuliza, "Mimi mrembo?" Ukisema ndiyo, anaivua: mdomo umechanwa hadi masikioni. "Hata hivi?" Watoto wakawa wanarudi nyumbani kwa makundi. Dawa yake ni kumjibu "wastani tu", au kutamka "pomedi" (mafuta ya nywele) mara tatu, au kumrushia peremende. Mama mkwe mpaka leo ana peremende kwenye mkoba, ati za wajukuu. Kwetu Mombasa ukishaona kwato za yule bibi jini, hakuna jibu, ni mbio tu. Huyu wa Japani angalau mtihani wake una majibu!

Sendai2014: Hizo nacheka. Za Ishinomaki, mji wa pwani, sicheki. Baada ya tsunami ya 2011, madereva teksi walimsimulia mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti. Mmoja alipakia mwanamke aliyevaa koti zito wakati wa joto, akataka kupelekwa Minamihama. Dereva akamwambia kule hakujabaki kitu. Akauliza, "Kwani mimi nimekufa?" Dereva kugeuka, kiti kitupu. Mita ilishawashwa, na safari kama hizo madereva walijilipia wenyewe.