Mahavira ndo alianzisha dini ya Wajaini au aliikuta?

Mpwani_80: Jamani naomba msaada. Kila siku napita Langoni hapa Mombasa mbele ya lile hekalu jeupe la Wajaini, juzi mwanangu akaniuliza hii dini ilianzishwa na nani, nikamwambia Mahavira maana ndo jina nililosoma shule. Akanambia mbona rafiki yake Mjaini anasema Mahavira ni wa 24. Wa 24 kwenye nini?

Bi_Kivuko: Huyo rafiki kasema kweli. Wajaini hawahesabu mwanzilishi, wanahesabu walimu wakuu 24 wanaoitwa Tirthankara, yaani mtu anayefungua kivuko. Sie tuliokulia Likoni hilo twalielewa haraka, ng'ambo unaiona lakini maji yako katikati na lazima upate pa kuvukia, na kwao maji ni huku kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena bila mwisho. Wa kwanza ni Rishabha, masimulizi yao yanasema ndiye aliyewafundisha watu kulima, ila huyo ni wa kale mno huwezi kumwekea mwaka. Na neno Mjaini latoka kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India, jina (sio hili jina letu), maana yake mshindi, aliyejishinda nafsi.

msomaji_wa_usiku: Niongezee upande wa historia maana hapa ndo patamu. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba wa 23, Parshva, aliishi kweli, na mapokeo yanasema alizaliwa Varanasi, mji wa India, na alifariki miaka 250 hivi kabla ya Mahavira kufariki. Alifundisha viapo vinne, usidhuru kiumbe, usiseme uongo, usiibe, usijilimbikizie mali, halafu Mahavira akakitenga cha tano kikasimama peke yake, useja. Sasa sikiliza hii, maandiko yao wenyewe yanasema wazazi wa Mahavira walikuwa wafuasi wa Parshva! Kwahiyo aliikuta, tena nyumbani kwao. Jina la kuzaliwa ni Vardhamana, kwao karibu na Vaishali, Bihar ya leo, akaondoka nyumbani na miaka 30, akazunguka miaka 12 akifunga na kutafakari mpaka akapata ujuzi kamili, akafariki mji wa Pava akiwa na miaka 72. Mapokeo yanaweka 599 hadi 527 KK, wasomi wengi wanasogeza mbele kidogo kwa sababu aliishi zama moja na Buddha, na vitabu vya Wabudha vinamtaja kwa jina la Nigantha Nataputta.

Mpwani_80: Asanteni sana. Alikuwa na mke?

Bi_Kivuko: Hapo madhehebu yanatofautiana. Shvetambara wanasema alioa, mkewe Yashoda na wakapata binti, Digambara wanasema hakuoa kabisa. Wanachokubaliana ni wanafunzi wake wakuu 11, wote walikuwa Wabrahmani (tabaka la makuhani wa Kihindi), mkubwa wao Indrabhuti Gautama.

Mpwani_80: Nimemsomea mwanangu, sasa anauliza wa 25 atakuja lini.

msomaji_wa_usiku: Mwambie hayupo. Kwao wakati unazunguka kama gurudumu, zamu hii ilikuwa na 24 na Mahavira ndo amefunga, zamu ijayo watahesabiwa upya kuanzia wa kwanza.