Plasta inabanduka, nyumba ya mawe Mji Mkongwe

Swali: Wakuu, kuta za matumbawe zilipigwa plasta ya saruji, sasa inavimba na kutoa chumvi. Nataka mawe na boriti zionekane. Nianzie wapi?

Jibu 1: Mchawi ni saruji, inafungia unyevu ukutani. Bandua yote kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine itavunja matumbawe. Viungo jaza chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa pwani usiuguse. Tabaka lisizidi milimita 10, lifunike magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, la sivyo litapasuka.

Jibu 2: Mawe wazi ndani sawa, nje hapana, masika itayala. Boriti za mkoko kagua ncha zilizozama ukutani, ndiko huanza kuoza. Bisibisi ikiingia kirahisi, badilisha. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe umeshapata?