Me 262 iliyopasuliwa ubavu: seti angavu, seti ya kawaida au nichonge mwenyewe?

Fundi_Ngamiani
Wadau, habari za jioni. Niko Ngamiani hapa Tanga, nafundisha fizikia sekondari, na kwa miaka saba sasa naunga modeli za ndege za plastiki. Zote nilizounga zimefunikwa. Safari hii nataka ndege ambayo ukiitazama kwa kulia ni nzima na rangi zake, ukiigeuza kushoto unaona matumbo: mizinga, matangi, kiti cha rubani na, zaidi ya vyote, injini. Kidato cha nne wanaijua kanuni ya tatu ya Newton kwa moyo, lakini ukiwauliza hewa inaingia wapi na inafanywa nini kabla ya kutoka, wanatazamana.

Nimechagua Messerschmitt Me 262, jeti ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili. Iliruka kwa nguvu ya jeti peke yake mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1942. Injini zake mbili za Jumo 004 zimening'inia chini ya mabawa, na hewa inapita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo ni rahisi kumwonyesha mtoto kwa kidole.

Njia ninazoziona ni tatu. Seti ya vipande vya kuunga ya 1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko ndege ya kweli, yenye kiwiliwili cha plastiki angavu inayoonyesha ndani, bawa hadi bawa karibu sentimita 39. Seti ya kawaida ya 1/48, kama sentimita 26, nikate ubavu mwenyewe. Au nichonge yote kwa 1/16 kwa kutumia mlingoti wa mkonge, maana huku haukosekani. Aliyepita mojawapo anieleze.

Chumbageni_48
Mwalimu, ya angavu iache. Niliiunga moja, tena kwa uangalifu wote, nikatumia supaglu mahali pawili tu. Asubuhi nikakuta mvuke wa gundi umetanda ndani kama pumzi juu ya kioo, na huko ndani mkono haufiki tena. Na hata ikitoka safi, angavu haionyeshi jinsi ndege ilivyojengwa. Jicho linaona vitu vinaelea tu. Ukikata, unaona ngozi, unaona mbavu, unaona kitu kimeshikwa na nini.

Ila kukata kuna kazi moja ambayo wengi huiruka. Plastiki ya seti ina unene wa milimita moja hivi. Kwenye 1/48 hiyo ni sawa na karibu sentimita 5 za kweli, ukuta wa nyumba, wakati bati la ndege yenyewe ni milimita chache. Kwa hiyo kabla ya kukata chora mstari, kisha kwangua kwa ndani, karibu na mstari huo, mpaka ukiinua kipande mbele ya taa mwanga unapenya. Hapo ndipo ukate. Mimi hutoboa tundu kwenye pembe kwanza, halafu napitisha ncha ya kisu mara ishirini, thelathini, bila kukandamiza. Mbavu nakata kwenye kopo la soda. Bati lake ni jembamba mno, na tayari lina rangi ya ndege.

Mkwakwani_Jeti
Fikiria He 162 badala yake, jeti nyingine ya Wajerumani ya vita hiyohiyo. Injini ni moja, imekaa mgongoni, unafungua kifuniko tu unaiona yote. Bawa lake ni la mbao, na kwenye 1/48 bawa hadi bawa ni sentimita 15.

Fundi_Ngamiani
Asante ndugu. Ni ndege nzuri, lakini sentimita 15 kwa darasa la watoto hamsini, aliyekaa nyuma ataona nini?

MzeeWaRaskazone
Hapo kwenye watoto hamsini ndipo umejijibu, mwanangu. Nimechonga modeli za majahazi na ngalawa tangu ujana wangu, na mkonge naujua. Mlingoti wake uliokauka vizuri ni mwepesi kama boya na unakatika kwa wembe. Tatizo lake ni kunywa rangi. Unapaka leo, kesho umebaki madoa. Upake kwanza gundi ya mbao iliyolainishwa kwa maji, ikauke, piga msasa, rudia mara tatu. Na upake pande zote, hata zile zisizoonekana, la sivyo masika yakiingia bawa linajikunja.

Injini usiichonge kwa mkonge. Jumo 004 ilikuwa na kipenyo cha karibu sentimita 80 na urefu wa karibu mita 3.9. Gawanya kwa 16: sentimita 5 kwa 24. Hilo ni bomba la plastiki la inchi mbili, lile la maji machafu. Kila duka la vifaa vya ujenzi wanalo.

Chumbageni_48
Shikamoo mzee. Hilo la bomba sikuwahi kulifikiria.

BintiBagamoyo
Marafiki, mimi niseme la rangi tu, maana modeli nyingi za namna hii huharibikia hapo.

Kwanza hewa yetu ya pwani. Rangi ya tina ukipuliza asubuhi na mapema au mvua imekaribia, inakauka na utando mweupe. Hapa Bagamoyo napuliza kuanzia saa nne hadi saa tisa, siku ya jua, mimi mwenyewe nikiwa kivulini. Ya maji ina shida ya pili: kwa joto hili inakauka kwenye brashi kabla haijafika. Weka matone machache sana kwenye kifuniko cha chupa, na lowesha brashi kila mara.

Pili, kingo zote ulizokata zipake nyekundu. Ndivyo injini zilizopasuliwa kwenye makumbusho hupakwa mara nyingi, na mtoto anajua papo hapo kwamba pale pamekatwa kwa makusudi, si mwisho wa bati.

Tatu, usipake injini nzima nyeusi. Wajerumani walikuwa na uhaba wa nikeli na kromi, kwa hiyo vyumba vya kuchomea mafuta vilikuwa vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Ndiyo sababu injini ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Basi vyumba hivyo sita vipe fedha iliyofifia. Turbini, lile gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto, ipake nyeusi isiyong'aa, kisha saga risasi ya penseli laini, chovya kidole, sugua polepole. Inageuka chuma mbele ya macho yako. Koni ya nyuma, ambayo wenyewe waliiita kitunguu kwa umbo lake, iguse kwa kahawia na buluu kidogo sana, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Chumba cha rubani ni kijivu cha kukoza.

Sahare_Modeli
Kumbukeni uzito wa pua. Modeli ya Me 262 hukalia mkia, na ukiifungua pua kuonyesha mizinga minne ya milimita 30 huna pa kuficha uzito, yaani risasi za mshipi wa kuvulia samaki. Zibandike chini ya sakafu ya mizinga na ndani ya injini ile isiyokatwa, sehemu ya mbele.

Fundi_Ngamiani
Nimesoma yote mara mbili. Seti ya 1/48 nitaikata kama alivyoeleza Chumbageni, lakini nitaitengeneza baadaye, kwa ajili yangu. Kwa darasa naanza na injini peke yake kwa 1/16: safu nane za kushindilia hewa, vyumba sita, turbini ya safu moja, na kitunguu kinachosogea mbele na nyuma. Puani nitaweka ile injini ndogo ya kuwashia, ambayo ingeweza kuvutwa kwa kamba kama jenereta. Hiyo wataielewa bila maelezo. Bomba nimeshanunua. Swali langu: nikate robo au nusu?

MzeeWaRaskazone
Robo. Ukikata nusu, mhimili hauna pa kushikwa na safu zako nane zitacheza. Na kabla ya msumeno, zungushia bomba karatasi moja iliyonyooka, kingo zake zikutane sawasawa, uchore kwa kuifuata. Kwa jicho tupu mstari wa mzunguko utakwenda upande.