Naomba ushauri: nakala ya akriliki ya Monet, sebule ya Uyole

MwanaUyole
Wakuu, habari za majukumu. Tumehamia kwetu Uyole, sebuleni kuna ukuta mrefu mtupu. Naupenda sana mchoro wa Claude Monet wa 1873, mama mwenye mwavuli na mtoto kwenye maua mekundu karibu na Argenteuil. Nikiuona naikumbuka Kitulo maua yakichanua. Muuzaji wa Dar ana nakala ya akriliki, sentimita 120 kwa 80, laki tatu na themanini, anatuma kwa basi. Anasema imechorwa kwa mkono. Nichukue? Baridi ya huku haitaiharibu?

FremuMwanjelwa
Dada, muulize akriliki ipi. Wengine wanamaanisha rangi iliyopakwa kwenye turubai, wengine ni chapa iliyobandikwa nyuma ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Mwombe video, taa imulike kwa ubavu. Kazi ya mkono ina matuta, na matuta yanaufuata mchoro: palipo na ua, rangi imevimba umbo la ua. Yakipita ovyo bila kujali picha, hiyo ni chapa iliyopakwa jeli juu. Mimi nililizwa hivyo, na hela haikurudi.

KihesaKilolo
Kamwene dada. Mimi vipimo ndivyo vinanitia shaka. Mchoro wenyewe uko Musée d'Orsay, Paris, na ni mdogo, kama 50 kwa 65. Ukiukuza hadi upana wa 120, kimo kinatakiwa kama 92. Huyo wako ana 80, kwa hiyo ama amekata anga, ama amewavuta watu wakanenepa. Dai 104 kwa 80.

FremuMwanjelwa
Kweli kabisa, hilo sikuliona.
Kuhusu baridi: Monet alitumia rangi ya mafuta; akriliki ni ya plastiki, inakakamaa ikipoa. Ikija imeviringishwa Juni au Julai, usiikunjue alfajiri. Ilaze ndani mpaka mchana ipate joto, la sivyo inaweza kupasuka. Unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Kama plasta ni mpya subiri ikauke, kisha gundisha vipande vya kizibo nyuma ya fremu hewa ipite, turubai isiote ukungu. Na isikae pale jua la dirishani linapopiga moja kwa moja.

MwanaUyole
Asanteni sana. Nimemwandikia: 104 kwa 80 anasema inawezekana, video bado hajatuma. Hela haitoki mpaka niyaone matuta.