Uhaba wa marubani mnaoutangaza uko wapi? Sisi wa ndege ndogo tumechoka

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa malalamiko, asiyependa malalamiko apite tu. Mods, msiuunganishe na ule wa "nataka kusomea urubani nianzie wapi", ingawa wale vijana ndio hasa wanaotakiwa kuusoma huu.

Kila nikishika simu nakutana na tangazo lilelile: dunia ina uhaba wa marubani, jiunge na chuo chetu, ajira inakungoja. Kijana kavaa miwani myeusi, mistari mabegani, nyuma yake lijeti kubwa. Anayetangaza ni nani? Mwenye chuo. Anayekunja hela ni nani? Mwenye chuo. Mimi nimo ndani ya kazi hii, rubani msaidizi kwenye shirika la safari fupi, hizi ndege za kuzoa abiria miji midogo na kuwapeleka kiwanja kikubwa wakapande ndege za wakubwa. Nasema bila kupepesa macho: marubani wapo. Wasiopatikana ni makapteni wazoefu watakaokubali masharti yetu, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Angalieni Marekani, maana huko takwimu na sheria ziko wazi. Kuanzia 2013, ili uketi kiti chochote cha rubani kwenye ndege ya abiria ya ratiba unahitaji saa 1,500 za kuruka, ukiacha nafuu ya wanajeshi na waliosomea vyuo vilivyoidhinishwa. Leseni yenyewe ya kurusha ndege kwa malipo unaipata ukiwa na saa 250. Hizo nyingine utazitoa wapi? Unafundisha wanafunzi, unavuta mabango angani, unapiga picha za mashamba, kwa ujira wa kusikitisha, huku mkopo wa shule unazaa riba. Ukifika shirikani, kuna ukuta mwingine: huwi kapteni mpaka uwe na saa 1,000 kwenye ndege za mashirika kama hayo. Sasa fikirieni mashirika makubwa yalipofungua milango baada ya korona. Yaliwachukua makapteni wetu kwa mafungu. Tukabaki marubani wasaidizi tumejaa, hakuna wa kuruka naye, ndege zimeegeshwa, saa haziongezeki, ukapteni hausogei. Halafu mkurugenzi anasimama mbele ya kamera kusema miji midogo inakosa safari kwa sababu "hakuna marubani". Mkuu, sisi tuko nyumbani tumevaa sare!

Ulaya hawana hiyo 1,500, mtu anaingia na saa 200 hivi. Mkadhani ni afadhali? Kule mzigo umehamia mfukoni: mafunzo ya kurusha aina fulani ya ndege unajilipia mwenyewe, na yamekuwapo mashirika yanayomtoza rubani ili aruhusiwe kurusha ndege yenye abiria ndani. Yaani unalipa ili ufanye kazi. Niambieni fani nyingine yenye dhamana ya roho za watu inayofanya hivyo.

Tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo damu inanichemka. Wengi wenu mnadhani tunalipwa tangu tunaingia kiwanjani. Wapi! Kwenye mikataba mingi ya aina yetu saa ya mshahara inaanza breki zikiachiwa ndege isogee, na inakatika breki zikifungwa mwisho wa safari. Kuripoti mapema, kusoma hali ya hewa, kuhesabu mafuta, kuizunguka ndege na tochi kwenye mvua nikikagua matairi na panga boi, kumsubiri kapteni anayetoka safari nyingine iliyochelewa: bure. Siku ya safari nne au tano fupi, kila mara mnatua, mnashusha, mnapakia, mnasubiri lori la mafuta, mnasubiri karatasi ya uzito. Nakaa kwenye kiti, jua linapiga kwenye kioo, mitambo ya ubaridi ya uwanja imekatika, shati limeganda mgongoni, mhudumu anakuja kuuliza mbona bado, nami namjibu kwa upole. Muda wote huo mita yangu imesimama. Mwenye ndege kubwa anafunga breki mara moja au mbili kwa siku, sisi mara nne au tano. Kazi ngumu zaidi ya urubani ni kupaa na kutua, na ndiyo tunayofanya kutwa, ila mfumo wa malipo umetungwa kumnufaisha anayekaa angani muda mrefu.

Halafu stendibai. Unakaa karibu na simu, huwezi kunywa hata bia moja, huwezi kuahidi mtoto kitu chochote, simu ikiita una saa mbili uwe umeripoti. Isipoita unaambulia kima cha chini cha mkataba. Na ukiwa unaishi mbali na kituo chako unapanga kitanda kwenye nyumba ya marubani, chumba kimoja watu sita, mmoja anaingia usiku wa manane wakati mwingine anaamka alfajiri.

Kuna watu watasema huu ni ulalamishi wa watoto wa mjini. Basi mkasome ajali ya tarehe 12 Februari 2009 karibu na Buffalo, Marekani. Ndege ya panga boi aina ya Q400, abiria wamekata tiketi ya shirika kubwa la Continental, lakini aliyekuwa anairusha ni shirika dogo la Colgan Air. Watu wote 49 ndani walikufa, na mmoja chini kwenye nyumba. Uchunguzi ulionyesha kapteni alivuta usukani wakati ndege inamwonya kwamba inapoteza nguvu ya kuelea, badala ya kusukuma. Ni kosa la rubani, sawa. Lakini ulionyesha pia kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini Newark, upande wa pili wa nchi, na kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wabunge wakajibu kwa sheria ya 2010 iliyozaa zile saa 1,500. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile tayari walikuwa na saa zaidi ya 1,500!

Haki ya Mungu, jambo moja zuri lilitoka: sheria mpya ya mapumziko ya Januari 2014, saa 10 kabla ya zamu na ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa toa muda wa kusubiri gari la hoteli, safari ya kwenda, kutafuta chakula jiko limefungwa, kuoga, kisha kuamka mapema kuliwahi gari la kurudi. Na kikomo cha saa 1,000 kwa mwaka kinahesabu kuruka tu. Zile saa za tochi na mvua hazimo humo pia.

Mnaosema mishahara imepanda, ni kweli. 2022 mashirika madogo ya Marekani yalipandisha ghafla, baadhi hadi dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza, baada ya miaka mingi ya vijisenti. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hela ilikuwepo! Walipobanwa waliitoa ndani ya wiki. Kumbe miaka yote ya "biashara ngumu, vumilieni" walikuwa wanatuchora.

Na dirisha lenyewe lilishafungwa. Kufikia 2024 wakubwa wakapunguza kuajiri: Boeing alikuwa anachelewesha ndege, mamia ya Airbus zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri ukaguzi wa injini za Pratt & Whitney. Wa juu hawasogei, wa kati hawasogei, wa chini wanashikilia barua za ajira zisizo na tarehe ya kuanza darasa. Washkaji wangu wawili wa karibu niliosoma nao wana barua hizo. Mmoja anaendesha gari la mizigo kwa sasa.

"Si uhame shirika?" Nihame niende wapi? Nina bondi ya mafunzo, nikiondoka mapema wananidai. Na kazi hii yote ni orodha ya ukongwe: rosta, likizo, kituo, ukapteni, hata nani anapunguzwa kwanza. Ukihama unaanza mkiani, hata uwe na nywele nyeupe.

La afya nalitaja kwa kifupi kwa sababu linauma. Cheti cha daktari ni cha kila mwaka, umri ukisogea ni kila miezi sita. Kikinyimwa, kazi imesimama. Sasa mtu halali, ana msongo, ndoa inayumba, unadhani atamwambia daktari? Ananyamaza na anaingia kazini.

Sasa ninachotaka. Chama chetu kinaingia kwenye mazungumzo na mwajiri hivi karibuni, na hoja ya kwanza tunayoipigania ni kulipwa tangu saa ya kuripoti. Upande wa pili wanasema hakuna anayefanya hivyo. Kama wewe ni rubani au mhudumu wa ndege na mkataba wako unalipa muda wa kazi ndege ikiwa bado chini, weka hapa maneno ya kipengele chenyewe, ficha jina la shirika ukitaka. Na nyie wenye vyuo, msije kuweka namba za simu kwenye uzi wangu.